Aliyekuwa Redioni Jumapili

Pasco, Jumatano mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba baraka yako kabla ya lolote, maana leo naihitaji kuliko siku nyingine. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Zamora, na kwamba nyonga ya Bibi inaunga vizuri, na hajaanza tena kumrushia muuguzi kandambili. Mwambie namkumbuka, na lile shali lake nimelitunza lisiliwe na nondo. Huku joto limepita kiasi. Feni la maji linanguruma tangu asubuhi na bado karatasi inanata kwenye mkono wangu. Sisi ni wazima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini ukifika mwisho utaona kwamba neno hilo nimeliweka bila kuwa na hakika nalo.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Unanijua kwenye simu, nanyamaza mpaka unauliza kama laini imekatika. Tena kuta za nyumba hii unazijua, na kaka yangu Cheo yuko nyumbani mchana huu. Shangazi Obdulia anaondoka kesho alfajiri, atapita saa kumi na moja jioni hii kuchukua mzigo wa Bibi, na barua hii ataiweka kwenye pochi yake. Nimemwambia ni mambo ya shule.

Mama, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre. Nimejaribu kulianza mara tatu na kila mara nimechana karatasi. Nimeona niende polepole, nianze na lile dogo. Lile dogo ni hili: siku za mbio za boti siko kibandani nikiuza mahindi na Shangazi. Tangu majira ya kuchipua niko juu ya paa la trela ya timu, pale pale alipokuwa anasimama Baba, na redio kiunoni, nikimwambia Cheo nani yuko nyuma yake na nani yuko ubavuni. Najua ulisema nini baada ya mazishi yake. Ulisema Cheo ni mtu mzima na atajibu kwa Mungu mwenyewe, lakini mimi nisikanyage ngazi ya trela ile. Nimeikanyaga. Shangazi anajua, na usimkasirikie sana, alikataa mwanzoni.

Ilitokea hivi. Yule aliyeshika redio baada ya Baba alihamia Spokane, na kwenye mazoezi ya mwezi wa tano walijaribu watu kadhaa. Wote walipiga kelele. Ile injini ya helikopta ikishalia nyuma ya kichwa cha dereva, mtu anayepiga kelele redioni ni kama kelele juu ya kelele, hasikiki. Nilikuwa nimeleta chakula cha mchana. Wendell, fundi mkuu, akanipa redio kwa mzaha tu, akasema tumsikilize na bubu. Nikamwambia Cheo kulia kwake kuna nafasi, apite. Akapita. Aliporudi gatini alivua helmeti akasema sauti ile ndiyo anayoitaka, inapita kama waya mwembamba. Wendell akasema, "Kumbe bubu ana mdomo, alikuwa anautunza tu usichakae." Tangu hapo ni mimi.

Nashindwa kukueleza, Mama. Darasani nikiulizwa, jibu ninalo kwa lugha mbili na halitoki hata kwa moja. Lakini juu ya paa lile hakuna anayenitazama, wote wanatazama mto, na maneno yanatoka yenyewe.

Sasa nikuambie ya Jumapili. Najua hukuiangalia video ingawa binamu wote wamekutumia. Nakushukuru kwa kutoiangalia.

Ilikuwa fainali. Boti yetu, Miss Garrity, ilianza vizuri kuliko siku zote. Ndiyo, bado tuna jina la yule mwenye ghala la vitunguu ubavuni, na watu wa timu nyingine bado wanapitia trela yetu wakijifanya wanafuta machozi. Cheo alikuwa wa pili, njia ya ndani, mkia wa maji nyuma yake mrefu kuliko miti ya mipopla ya ufukweni. Upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka upande wa daraja, niliuona ukiyatia maji weusi, nikamwambia. Akajibu amenipata. Niliisikia sauti yake ikiwa nzuri kabisa, hata ilikuwa na kicheko ndani yake. Unajua boti hizi kwa mwendo ule haziko majini hasa, zimeegemea hewa, na kinachogusa maji hakizidi meza yetu ya kulia. Basi hewa ikaingia chini. Pua ikainuka. Nilidhani atairudisha kwa pedali, ile ya bawa la mbele, na nadhani aliikanyaga, lakini boti ilikuwa imekwisha kusimama wima. Nikaona tumbo lake lote. Ikapinduka kinyumenyume, mzunguko mzima, ikarudi chini na kukaa juu ya maji kwa tumbo, kama vile ilikuwa imekusudia.

Watu wa kingo zote mbili walinyamaza. Sijawahi kuusikia mto ule kimya siku ya mbio. Halafu walipoona imekaa sawa wakalipuka, honi za magari, mayowe, kama ametuonyesha mchezo. Mtangazaji alisema hajaona kitu kizuri kama kile tangu aanze kazi. Na mimi, Mama, nilipoiona ikiwa hewani, kabla sijaogopa, niliiona nzuri pia. Nisamehe. Ilikuwa nyeupe mno.

Kazi yangu pale ni kumwita mpaka ajibu. Nilimwita. Alijibu. Alichojibu nitakiandika mbele, naomba unisubiri.

Wazamiaji walimfikia, wakamtoa, akainua mkono, watu wakashangilia tena. Kreni ikaivuta Miss Garrity nchi kavu, na hapo timu yote ikakimbilia injini. Utakumbuka Baba alivyokuwa anatuambia: injini ikishameza maji hamna kupumua, inabidi imwagwe, izungushwe, inyweshwe mafuta kabla yale mapanga yake ya ndani hayajakauka, vinginevyo kutu itaila kabla ya chakula cha jioni. Na nyingine hatuna. Kila mtu alijua la kufanya. Mmoja kashika bomba, mwingine ndoo, Wendell yuko ndani mpaka kiunoni anatukana kwa utulivu kama anasali rozari. Injini ilikuwa na watu wote. Cheo alikuwa na mimi.

Tulikwenda kwenye trela ya daktari. Daktari huyu ni mgeni, kaja msimu huu kutoka mashariki, kijana mpole, ana miwani inayoteleza. Alimmulika macho, akamwambia afuate kidole. Akamuuliza leo siku gani. Jumapili. Mto gani huu. Boti gani. Nani alishinda raundi ya kabla ya fainali. Cheo alijibu yote, na la mwisho akaongeza kwamba mshindi yule alikuwa na bahati tu, daktari akacheka. Kisha akauliza swali lake la mwisho, nadhani alilipenda kwa sababu jibu lake haliko kwenye mabango: leo nani alikuwa redioni kwako?

Cheo akasema, "Mzee wangu."

Akasema hivyo tu, kama mtu anavyosema leo nimekula maharage.

Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika, akamwambia yuko sawa. Na simlaumu, Mama. Wewe umekaa na watu hawa miaka mingi kuliko mimi. Pita trela zote pale ufukweni: dereva akiwa kijana, juu ya paa yuko baba yake. Kwa kina Brandvold ilikuwa hivyo walipokuwa na boti, kwa wale ndugu wa Chelan ni hivyo, hata yule binti mwenye boti ya zambarau mzee wake ndiye anayemwongoza na mkongojo wake. Daktari alikuwa amekwisha kulizoea jibu hilo. Na mwenye redio nilikuwa nimesimama pale pale, iko kiunoni kwangu inakoroma, nimekumbatia helmeti ya Cheo, na daktari akaniomba kwa adabu nimletee mgonjwa maji.

Nikamletea maji.

Nilifungua mdomo, nakuapia. Lakini nilimtazama Cheo kwanza nione kama ananikonyezea, maana unamjua Cheo, ndiye yule aliyemwambia askari wa barabarani kwamba wewe ni dada yake. Hakunikonyezea. Hakunitazama kabisa. Sasa nikasema moyoni, huu ni utani mzuri sana au si utani, na kabla sijaamua alikuwa amekwisha kushuka ngazi na watu wanambeba mabegani.

Tangu hapo, Mama, sielewi ninachokiona. Nitakuandikia kama kilivyo na wewe utajua.

Jumatatu alilala mchana kutwa na kofia usoni na mapazia yamefungwa. Jioni alitapika nyuma ya nyumba kwenye mti wa aprikoti. Alisema ni mahindi ya Shangazi. Shangazi akaja kwa hasira na mwiko mkononi, akamwambia, "Mahindi yangu yamelisha wilaya nzima hii, tumbo lako peke yake ndilo lenye malalamiko?" Cheo akaomba radhi vizuri, akambusu kichwani, na Shangazi akaondoka ameridhika. Na mimi nikawaza labda kweli ni mahindi, lilikuwa joto, nayo yalikuwa na krimu.

Jana asubuhi tulikwenda karakana. Wenzake wakamtania, wakamwita rubani, wakamuuliza kama uwanja wa ndege umemtumia leseni yake. Alicheka. Lakini alicheka akiwa amechelewa kidogo, kama mtu anayefuata kicheko cha wengine ili ajue ni wapi. Huenda nilikuwa namchunguza sana. Ukimchunguza mtu sana hata anavyokunja shati unaona ni ugonjwa.

Jana usiku kwenye chakula aliandaa sahani tatu. Nikamuuliza ya tatu ya nani. Akaitazama. Akasema ya Shangazi. Shangazi hakusema atakuja, lakini Shangazi hajawahi kusema atakuja, kwa hiyo siwezi kuapa lolote kwa sahani. Mimi ndiye niliyeirudisha kabatini.

Na akitembea koridoni sasa anapitisha mkono ukutani. Hilo nina hakika nalo.

Kabla ya chakula hicho, tukiwa garini tunarudi kutoka karakana, nilimuuliza. Nilikuwa nimejizoeza swali tangu asubuhi. Nikasema, kwa daktari ulisema nani alikuwa redioni? Akajibu haraka kwamba alisema mimi. Nikamwambia sivyo. Tulipofika taa za makutano akauliza kwani si mimi nilikuwepo? Nikamwambia ndiyo nilikuwepo, lakini ulisema Baba. Akapiga usukani kwa kiganja, akacheka, akasema basi alikuwa ananitania, na kwamba angeona uso wangu angekufa kwa kicheko. Majibu matatu, Mama, kwa barabara moja fupi. Kila moja ningeliamini kama lingekuwa peke yake.

Kisha akasimamisha gari mbele ya duka la mikate, akazima injini, na akaongea kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu msiba.

"Cruz, nisikilize. Ukimwambia mtu neno moja, Jumapili hii nitakaa kwenye kochi nikimtazama Brandvold kwenye kiti changu. Niache niikimbie hii moja. Moja tu."

Si uongo. Mwenye boti alimwambia mbele ya wote kwamba akiifikisha Miss Garrity fainali ya Seattle, Jumapili hii, kiti ni chake mwaka ujao bila maneno mengine. Na Trent Brandvold hana boti msimu huu, anazunguka kwenye trela zetu akisaidia kubeba vifaa, mnyenyekevu kama mtumishi wa altare, na kila mtu anajua helmeti yake iko kwenye gari. Cheo ameanza pale akifuta mafuta sakafuni akiwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa. Mimi ni nani nimwondolee hilo kwa sababu ya neno moja na sahani moja?

Lakini shuleni, kwenye somo la afya, mwalimu wa michezo alitueleza kuhusu kichwa kilichogongwa kikigongwa tena kabla hakijapona. Alieleza mara moja tu, na hakuna aliyesikiliza isipokuwa mimi. Kijana aliyemtolea mfano hakurudi.

Sasa nafika pale nilipokuwa napakwepa. Nimeificha karatasi hii mara mbili tayari chini ya kitabu cha kemia, mara ya kwanza Cheo alipopita kwenda kunywa maji, mara ya pili alipopita tena kwenda kunywa maji.

Boti ilipotua, nilimwita. Nikasema, Cheo, nijibu. Redio ikakoroma. Nikamwita tena. Kisha nikaisikia pumzi yake, na nikasikia kitu kingine, klik, klik. Alikuwa anahangaika na mkanda. Unajua sheria yao, wameifanyia mazoezi mpaka wanaiota: kaa umefungwa, barakoa ya hewa mdomoni, mpaka mzamiaji agonge kioo. Boti ilikuwa inameza maji upande wa kushoto, niliiona kutoka juu. Ikilala naye ameshajifungua, atatupwa humo ndani gizani asijue juu ni wapi. Nikamwambia kwa Kiingereza, kama tunavyoongea siku zote redioni, Cheo ni Cruz, usifungue, wanakuja. Klik. Nikarudia. Klik.

Halafu akasema, kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtoto:

"Baba, unaniona?"

Nilisema ni Cruz. Hakunisikia. Akauliza tena vile vile. Na mashua ya waokoaji bado ilikuwa mbali.

Mama, unakumbuka Baba alivyokuwa anamwambia kabla ya kila mbio, tangu enzi za zile boti ndogo za watoto? Sikukusudia. Nilishusha sauti yangu mpaka chini kabisa, ikakwaruza koo, na nikasema:

"Nakuona, mwanangu. Wewe tulia hapo hapo."

Mikono yake ikaacha. Sikusikia klik nyingine. Akasema, "Haya, Baba," na akatulia. Wazamiaji walipogonga kioo, boti ikalala ubavu ghafla, naye akaning'inia kwenye mkanda wake kama alivyofundishwa, wakamtoa bila hata mchubuko. Wote wanasema mafunzo ndiyo yaliyomwokoa. Redio ile ni ya watu wawili tu, hakuna mwingine aliyesikia.

Kwa hiyo daktari alipomuuliza, Cheo hakusema uongo. Alisema alichokisikia. Mwongo nilikuwa mimi, na sijui kama ule ni uongo, na kama ni uongo sijui kama nilitakiwa nisiuseme. Kwa nini basi sikusema kwa daktari? Nimejiuliza mpaka kichwa changu ndicho kinauma. Nimejiambia ni kwa ajili ya kiti chake. Nimejiambia ni aibu yangu ya kila siku. Yote ni kweli na hayatoshi.

Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoyasema maneno yale, nilimsikia Baba. Sisemi mzimu, usije ukamwita padre. Nasema ilikuwa sauti yake, imetoka kwangu, na upande wa pili kulikuwa na mtu aliyeiamini, na kwa muda ule mfupi Baba alikuwepo, kwa sababu watu wawili tulikubaliana kwamba yupo. Tangu alipofariki mimi sikuwahi hata kumwota. Wewe humwota, Cheo humwota, mnasimuliana asubuhi kwenye kahawa na mimi natazama kikombe changu. Jumapili nilimpata. Na nikinyamaza, Jumapili hii Cheo atapanda tena, nami nitapanda paa, na labda ataniuliza tena. Sehemu moja yangu inataka aulize. Inaona heri kichwa chake kibaki hivyo hivyo kilivyo. Nimeandika, na mkono haujakauka kama nilivyotarajia.

Sijui mimi ni mtu wa namna gani, Mama. Nampenda Cheo. Hilo pia nina hakika nalo.

Shangazi atafika kwenu Ijumaa. Nakuomba umpigie Cheo simu siku hiyo hiyo, si mimi. Usilie na usimkaripie. Muulize habari za joto, muulize habari za mti wa aprikoti, kisha katikati ya mazungumzo muulize Jumapili nani alikuwa redioni. Usimsaidie kwa jina. Akisita hata kidogo, mwambie asipande. Wendell atamkatalia kwa wiki moja na mwenye boti atamkatalia kwa mwaka, lakini wewe peke yako ndiye anayekutii bila kutafuta mlango wa nyuma. Atanichukia. Nimelifikiria hilo na nimeona naweza kuchukiwa na mtu aliye hai.

Nisalimie Bibi, mwambie nitamletea krimu ile ya mikono anayoipenda, na nisalimie binamu wote kasoro yule anayesambaza video. Mzigo aliobeba Shangazi una dawa za Bibi, soksi, na chupa mbili za pilipili, usiweke zote mezani siku moja. Shali linakuja pia. Nibariki, Mama, hata ukiwa umekasirika, ukikasirika bariki kwanza.

Mwanao mtiifu nusu,
Maricruz

Naongeza haya hapa chini kwa sababu nafasi ipo. Nimeisoma barua tangu mwanzo na nimeona kwamba nimekutumia wewe, uliye mbali na una mgonjwa, ukafanye kazi ambayo iko hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Tena Ijumaa ni siku ya kwanza ya kupima mwendo Seattle. Huenda barua ikafika naye ameshafungwa mkanda.

Shangazi bado hajaja. Anayekuja ni Cheo, nazijua hatua zake, na nausikia mkono wake ukipapasa ukuta wa koridoni. Kitabu cha kemia kiko pembeni, nimekisukuma mbali. Amesimama mlangoni. Anauliza ni nani yumo humu.

Namjibu kwa sauti yangu mwenyewe, ya juu, ile ya kila siku: ni mimi, Cheo, ni Maricruz, ingia. Kuna kitu nataka ukisome kabla ya Mama.